Nasaba ya Sato: Mhadhara juu ya Majina Yanayohama



Mtu aliyezaliwa pwani, akakuzwa kwa changu, nguru na kolekole, kisha kazi ikamleta Mwanza ukubwani, hapana budi ataona haya siku ya kwanza atakapoingia sokoni. Na mtu huyo ndiye mimi. Nalijihesabu mjuzi wa samaki kwa kuwa nimelelewa na wavuvi, lakini nilisimama mbele ya meza ya mama mmoja muuzaji nisiweze kumtaja kwa jina hata samaki mmoja, ila dagaa, na hao nao si dagaa wa kwetu. Mama yule akaniinulia samaki mpana, wa rangi ya kijivu, mwenye magamba makubwa, akaniambia, "Mwanangu, huyu ni sato." Nikauliza juu ya vile visamaki vilivyorundikwa pembeni, vingine vyeusi, vingine vyenye wekundu kidogo mgongoni, vingine vyenye midomo minene kama vimevimba, akasema, "Furu." Nikauliza, furu gani? Akanitazama kwa huruma, kama amtazamaye mtoto aliyeuliza maji haya ni maji gani, akajibu, "Furu ni furu."

Asubuhi ya pili yake nilikabidhiwa ofisini kitabu kikubwa cha hesabu ya samaki waliopimwa katika mialo, nacho kilikuwa na safu chache tu: safu ya Tilapia, safu ya Haplochromis, na safu ya Wengineo. Nikafurahi, maana nilidhani nimeipata elimu ambayo mama yule hakuwa nayo. Ilinichukua miaka mingi kung'amua kwamba kitabu kile kilisema neno lile lile alilolisema yeye, ila kwa Kilatini. Na kwamba neno lenyewe, Tilapia, lilikuwa linahama chini ya kalamu yangu wakati ninaliandika. Nimeombwa leo nieleze jambo hili: kwa nini majina ya kitaalamu ya samaki wetu hayatulii, na kama kutotulia huko ni aibu ya wataalamu au ni kitu kingine.

Ni vema kwanza tumjue mwenyewe tunayemzungumza. Sato, ngege, perege, furu, kuhe wa Ziwa Tanganyika na mbuna wa Ziwa Nyasa wote ni wa jamaa moja iitwayo Cichlidae, ambayo kwa Kiswahili cha vitabu twaweza kuwaita sikilidi. Akina mama mliomo humu, kesho mtakapomweka sato juu ya ubao, kabla hamjaanza kumpaa magamba, mtazameni usoni: mtaona ana tundu moja tu la pua kila upande, ilhali samaki walio wengi wana matundu mawili mawili. Kisha fuateni kwa ncha ya kisu ule mstari mwembamba upitao ubavuni, ambao ndio sikio lake la kusikilizia mitikisiko ya maji. Mtaona umekatika, kipande cha kwanza kikienda juu karibu na mgongo kisha kikakoma, na kipande cha pili kikaanzia chini yake kuelekea mkiani. Mwisho, tieni kidole kooni, nanyi mtagusa kitu kikwaruzacho kama tupa. Hayo ni mataya ya pili, yaliyo ndani ya koo, ya kusagia chakula baada ya mataya ya mbele kukikamata.

Mataya hayo ya koo yamewahi kuwapoteza watu wenye akili kubwa. Mwaka 1982 wataalamu wawili, Kaufman na Liem, walitoa hoja kwamba kwa kuwa sikilidi na pono wa baharini, pamoja na jamaa wengine wachache, wana mataya ya koo yaliyoungana kwa namna moja, basi bila shaka wote wametoka katika shina moja. Hoja ilikuwa nzuri, na ilisomeshwa vyuoni kwa miaka mingi. Ilipokuja elimu ya kusoma chembe za urithi, yaani ile hati iliyoandikwa ndani ya kila seli ya kiumbe, ikadhihiri kwamba pono hana udugu wa karibu na sato. Kila mmoja aliunda kinu chake kwa njia yake, kama majirani wawili waliochonga vinu vya mpingo pasipo kuonana. Tangu hapo sikilidi wametolewa katika lile kundi kubwa la samaki wa namna ya sangara, wakapewa kundi lao wenyewe, Cichliformes. Pono hakushughulika, sisi watu wa pwani tunajua usingizi wake ulivyo.

Nimetanguliza kisa hicho ili tuelewane juu ya neno moja. Jina la kitaalamu lina sehemu mbili, na sehemu hizo hazina kazi moja. Ile ya pili humtaja samaki mwenyewe. Ile ya kwanza hutaja ukoo wake, na kumtaja mtu ukoo ni kudai kitu. Ukisema fulani ni wa ukoo fulani, umedai kwamba babu yao ni mmoja, na dai hilo laweza kuletewa shahidi, likakubaliwa au likavunjwa. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa haya, kwani tumeona mirathi ngapi zikisimama kwa sababu ya nasaba iliyoandikwa vibaya katika karatasi kuukuu!

Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka desturi hii ya majina mawili, katika kitabu chake cha mwaka 1758 aliwapa samaki wawili wa Misri jina moja la pili, yaani "wa Nile": mmoja ndiye huyu tumwitaye sato, na mwingine ndiye sangara. Walitoka katika mto mmoja, wakaandikwa katika kitabu kimoja, na karne mbili baadaye wote wawili wakaletwa na binadamu katika Ziwa Viktoria, wakaenea humo kuliko wenyeji. Jina lile la pili halikubadilika hata leo, ila mwisho wake hupindika kufuata jinsia ya jina la ukoo. Alipokuwa katika ukoo wa Tilapia aliitwa nilotica, na alipohamia ukoo wa Oreochromis akawa niloticus. Wanafunzi wa Ulaya hulalamikia jambo hili. Sisi tusemao "mtu mzuri" na "kitu kizuri" bila kufikiri hatuna sababu ya kulalamika, kwa kuwa huo ni upatanisho wa ngeli tu.

Na ipo alama ndogo sana ambayo msomaji asiyejua huiruka. Mkiona jina la samaki, na baada yake jina la mtu na mwaka, tazameni kama jina hilo la mtu limo ndani ya mabano. Likiwa wazi, samaki yumo bado katika ukoo aliowekwa na mtu huyo. Likiwa ndani ya mabano, amehamishwa. Sato huandikwa Oreochromis niloticus, kisha Linnaeus na 1758 katika mabano. Mabano yale ni nyayo za mtu aliyehama nyumba: hayasemi alipita wapi, lakini yasema hakuzaliwa hapo.

Sasa tumfuate alikopita. Mwaka 1840 daktari mmoja Mskoti, Andrew Smith, akifanya uchunguzi Afrika ya Kusini, aliunda ukoo wa Tilapia kwa ajili ya samaki mmoja mdogo wa kule, Tilapia sparrmanii. Na jina hilo lasemekana alilitoa katika neno la Kitswana la samaki. Ni jina la Kiafrika basi, nalo ni afadhali kuliko mengi. Taksiri yake ilikuwa moja, kwamba lilikuwa jepesi mno kutamkwa na pana mno kuvaliwa. Kila samaki mpana, mwenye meno madogo ya kula majani na ukungu wa maji, kutoka Senegali mpaka Natal, kutoka mto Yordani mpaka Zambezi, alitiwa humo, hata Tilapia ikawa kapu, wala si ukoo. Ngege wa Ziwa Viktoria, ambaye Mwingereza Michael Graham alimwandika mwaka 1928 baada ya kulipima ziwa lile, aliitwa Tilapia esculenta, maana yake Tilapia wa kuliwa. Nami sijaona jina la kitaalamu lililosema kweli kwa ufupi zaidi ya hilo.

Aliyelimwaga kapu hilo ni mwanamke, Ethelwynn Trewavas, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika jumba la makumbusho la London. Bibi huyu alikuwa na tabia ambayo wengi waliomtangulia hawakuwa nayo: hakuridhika kuhesabu miiba ya mapezi na kupima urefu wa kichwa, bali aliuliza samaki huyu alivyozaa na kulea. Na jibu lilikuwa na maana kubwa. Wako wanaogandisha mayai juu ya jiwe au ndani ya shimo walilolichimba mchangani, baba na mama wakayalinda pamoja. Na wako wanaoyaatamia kinywani. Mama sato, mara tu anapotaga, huyazoa mayai yake kwa midomo, akakaa nayo kinywani siku nyingi, asile kitu isipokuwa kidogo sana, kama aliye katika saumu. Na hata vifaranga vikisha toka na kuogelea, ikipita hatari hufungua kinywa vikarudi vyote ndani. Mwaka 1973 Trewavas alitangaza kwamba waatamiaji kinywani si Tilapia, akawapa jina la zamani la Sarotherodon, lililokuwapo tangu mwaka 1852. Ngege akawa Sarotherodon esculentus, na sato akawa Sarotherodon niloticus.

Karatasi zetu za ofisini hazikuwa bado zimepata habari hiyo, naye bibi akaendelea mbele. Aliona kwamba hata miongoni mwa waatamiaji yapo mafungu mawili: kwa baadhi, hasa wa Afrika ya Magharibi, baba huatamia, au wazazi wote wawili hugawana kazi, na kwa hawa wa mashariki ni mama peke yake, baba akiwa ameshughulika na kujenga uwanja wake wa duara mchangani na kujipamba rangi. Hao wa mama peke yake walistahili ukoo wao. Lakini sheria ya majina ya wanyama haimruhusu mtu kubuni jina jipya maadamu lipo la zamani lililofungwa kwa samaki wa fungu hilo. Jina lililotangulia ndilo lenye haki, hata likiwa halifai. Trewavas akatafuta, akalipata, na hapa, mabwana, yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa jina hilo lilitoka kwetu.

Mashariki ya Kilimanjaro, pale mpaka wa Tanzania na Kenya upitapo, lipo ziwa dogo la Chala, lililo ndani ya kinywa cha mlima wa moto wa kale, lenye kuta za mawe zilizosimama pande zote na maji ya buluu nzito. Samaki waliotolewa humo walifikishwa London kwa Mjerumani Albert Günther, na mwaka 1889 yeye akawaandika kuwa ni Oreochromis hunteri: sehemu ya kwanza ina neno la Kiyunani la mlima ndani yake, na sehemu ya pili ni jina la Hunter, msafiri aliyewakusanya. Jina hilo la mlimani lililala karibu karne nzima, likihesabiwa kuwa ni tawi tu la Tilapia au si kitu, mpaka Trewavas alipoliamsha na kulitia katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1983, kitabu cha kurasa zaidi ya 500 alichokitoa hali amekwisha vuka umri wa miaka themanini. Tangu hapo kila sato, awe wa Misri au wa mabwawa ya kufugia ya China na Brazili, awe wa Rufiji au wa Mtera, jina lake la ukoo ni la samaki wa Chala. Samaki wa bonde, aliyezaliwa katika tope la Nile, aitwa wa mlimani! Likionekana ni jambo la kuchekesha, na tucheke. Lakini sheria ya aliyetangulia imezuia ugomvi mwingi kuliko ilivyoleta.

Waliobaki katika kapu la Tilapia hawakustarehe nao. Mwaka 2013 Dunz na Schliewen, baada ya kusoma chembe za urithi za samaki hao, walionyesha kwamba hata wanaolea juu ya mawe si ukoo mmoja. Yule aliyeitwa Tilapia zillii, na yule Tilapia rendalli aliyetiwa katika mabwawa yetu mengi ale majani, wakahamia ukoo wa Coptodon, na wengine wakagawanywa katika koo nyingine kadha wa kadha. Ukoo wa Tilapia wenyewe umebakiwa na samaki wachache wa kusini mwa Afrika, pale pale Smith alipoanzia. Hivyo neno lililoandikwa katika orodha za vyakula za hoteli dunia nzima, kwa hesabu kali ya kitaalamu, halimhusu samaki aliyemo sahanini. Wauzaji hawatalibadili, wala sioni sababu ya kuwashurutisha, kwa kuwa mnunuzi anauliza mlo, hakuuliza nasaba.

Ni lazima niseme vile vile kwamba sato ni mgeni katika Ziwa Viktoria. Aliletwa katika miaka ya 1950, ilhali mwenyeji ni ngege, na leo ngege amebaki katika vijiziwa vya pembeni zaidi kuliko katika ziwa lenyewe. Anayetaka kuwapambanua atazame mkia: sato ana mistari ya kusimama iliyopangika tangu shina la mkia hadi ukingoni, na ngege hana. Lakini wamechanganya damu mahali pengi, na mistari nayo hufifia; mkia peke yake si kadhi.

Nimechelewa katika nyumba ya sato, na furu bado wanangoja. Tena wao ndio wenye kisa kigumu.

Mwaka 1888 Franz Hilgendorf wa Berlin aliandika habari za samaki waliokusanywa katika ziwa tulilonalo hapa na Dokta Fischer, aliyekuwa amekwisha kufa, na mmoja wao akamwita kwa jina la Haplochromis. Hilo nalo likawa kapu, tena kubwa kuliko la Tilapia. Furu wa Ziwa Viktoria wanakadiriwa kuwa aina zaidi ya 500, na karibu wote wametiwa humo. Na kwa muda mrefu mamia ya wale wa Nyasa nao walitiwa humo. Hawa wa Nyasa waligawanywa kwa mpango na Eccles na Trewavas, bibi yule yule, mwaka 1989, na wa Tanganyika walipangwa na Mbelgiji Max Poll katika makabila kumi na mawili mwaka 1986, makabila ambayo wengine wamekwisha yapangua. Kuhusu mbuna wa Nyasa, uko ugomvi wa kama ukoo wao mmoja uitwe Maylandia au Metriaclima, jina la kwanza likiwa la mwaka 1984 na la pili la 1997, na mashaka ni kama lile la kwanza lilitolewa kwa maelezo ya kutosha kisheria. Karatasi nyingi zimeandikwa juu yake. Mimi nahesabu kuwa ni kesi ya mawakili, haimwongezei mtu elimu ya samaki, nami nitaipita.

Aliyejaribu kuwapanga furu wa Viktoria ni Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja katika miaka ya 1950 kabla ya kurudi London. Huyu alitazama mataya na meno kwa subira isiyo kifani: furu alaye konokono ana taya la koo nene, lenye meno bapa kama mawe ya kusagia, alaye wadudu ana meno membamba, alaye samaki wenziwe ana kichwa kirefu na meno ya mkuki, na wako wanaokwangua ukungu wa mawe, na wako wanaonyonya mayai na vifaranga kutoka vinywani mwa mama waatamiao. Kati ya mwaka 1979 na 1980 aliligawanya kapu la Haplochromis katika koo zaidi ya ishirini. Lakini Greenwood huyo huyo alikuwa amekwisha toa, mwaka 1965, ushahidi uliokuja kuitia kazi yake katika shaka. Alimtazama furu mmoja mlaji konokono, Astatoreochromis alluaudi, akaona kwamba akikuzwa ndani ya tangi kwa chakula laini, taya lake la koo halinenepi wala meno hayawi bapa kama ya ndugu zake wa ziwani. Basi ule mfupa ambao mtaalamu ameutegemea kuwa ni urithi wa ukoo, kwa sehemu ni alama ya kazi tu, kama sugu katika kiganja cha mpiga makasia. Na nani atakayehukumu nasaba ya mtu kwa sugu?

Kisha, mwaka 1990, Meyer, Kocher, Basasibwaki na Wilson wakasoma chembe za urithi za furu wa ziwa hili, wakaonyesha kwamba wamekaribiana mno kwa damu, ingawa kwa maumbo wanatofautiana kuliko jamaa nzima za samaki wengine. Na wachunguzi wa tope la chini ya ziwa nao wakaja na habari kwamba yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa lilikauka. Ikiwa hivyo ndivyo, mamia ya aina hizi yamefarikiana katika muda ambao kwa mizani ya dunia ni mfano wa jana alasiri, tena kwa kuchanganya upya damu ya kale iliyotoka katika mito mbalimbali. Mwaka 1996 Van Oijen, Mholanzi aliyewafahamu furu wa Ghuba ya Mwanza kwa miaka, alishauri kwamba kwa hali ilivyo ni heri warudishwe katika Haplochromis mpaka ushahidi utakapokamilika. Wengi wamemfuata, wengine hawakumfuata. Kwa hiyo furu mmoja leo ana majina mawili ya ukoo, yote yaandikwa na watu wa heshima, na hakuna aliyekosea tahajia.

Wapo watakaosema, na nimewasikia katika baraza nyingi, kwamba hii ni dalili ya watu wasiojua watakalo. Siafiki. Kadhi anayebatilisha hukumu yake kwa sababu ameletewa shahidi bora si kadhi dhaifu. Dhaifu ni yule aliyekwisha pata shahidi akamficha.

Nataka niwaonyeshe furu mmoja kwa karibu, kwa kuwa anatuhusu. Mwaka 1985 bibi Witte-Maas na bwana Witte, wa kundi la Waholanzi wa Leiden waliokuwa wakifanya utafiti hapa Mwanza tangu 1977, walimwandika samaki mpya wakamwita Haplochromis nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake akitoka majini ana mgongo mwekundu kama makaa na ubavu wa manjano wenye mapande meusi ya kusimama. Jike ni wa rangi ya udongo tu. Mwaka 1998 Seehausen na wenzake, wakiwaandika furu wa kwenye mawe ambao wavuvi huwaita mbipi, waliunda ukoo mpya kwa Kiswahili kitupu, wakauita Pundamilia kwa ajili ya mistari yao, na nyererei akatiwa humo pamoja na ndugu yake Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la buluu iliyoungana na weusi. Majike ya hawa wawili ni vigumu kuyatofautisha. Kinachowatenganisha ni macho: mwekundu hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaofika umeegemea wekundu, na jike wa kila upande humchagua dume anayemwona vema. Katika kisiwa cha Makobe, ambako maji ni meupe, ni samaki wawili mbalimbali. Ingieni ndani ya ghuba, ambako maji yamechafuka kwa udongo na mbolea zitokazo nchi kavu, mtakuta madume ya rangi za katikati, si nyekundu wala si buluu, kwa kuwa majike hayaoni tena tofauti na damu zinachanganyika. Sasa niambieni, je, ni aina moja au mbili? Huko Makobe jibu ni mbili. Ghubani jibu latutoka mikononi. Hapa uainishaji umebadilika kwa sababu samaki wenyewe wamebadilika, na waliowabadili ni sisi tuliolima na kukata miti kando ya ziwa.

Kisha ongezeni sangara. Alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa ghafula, na aina zipatazo 200 za furu, kwa makadirio ya watafiti, hazikuonekana tena. Nyingi zilikuwa hazijapewa jina la kitaalamu hata moja. Waliozijua walizijua kwa majina ya utani yaliyoandikwa daftarini. Wachache walirudi katika miaka ya 1990, mmoja wao akiwa Haplochromis pyrrhocephalus, mwenye kichwa cha rangi ya moto, na alipopimwa ikaonekana kwamba matamvua yake yamekua kuliko yale ya wazee wake waliokuwa wamehifadhiwa katika chupa, kwa sababu maji ya sasa yana hewa chache. Miaka isiyozidi ishirini, na umbo limegeuka kiasi cha kupimika!

Lakini lisikilizeni neno hilo: katika chupa. Lisingalijulikana jambo hilo kama mtu hakuwatia samaki wa zamani katika chupa akaandika tarehe na mahali. Chupa za Fischer zipo Berlin, za Chala zipo London, na kila aliyetaka kumhamisha samaki ukoo alizirudia kwanza, akamtoa aliyemo, akamtazama upya kwa macho ya zama zake. Jina juu ya karatasi hubadilika kwa sababu kilichomo ndani hakibadiliki.

Kitabu changu cha ofisini hakikuwa hivyo. Safu ile ya Haplochromis niliijaza kwa mkono wangu mwaka baada ya mwaka, tani kwa tani, nikaishuhudia ikipungua hadi karibu na sifuri, na leo hakuna mtaalamu duniani, awe na chombo gani cha kusomea urithi, awezaye kuzifumbua zile tani aseme ni furu gani waliokuwamo na nani aliyetangulia kutoweka. Kosa hilo halikuwa la Kilatini, kwa kuwa jina la ukoo lingalisahihishwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Kosa ni langu na la waliochora safu zile, kwa kuwa tuliandika jina tukaona tumemaliza, tusiandike kitu.

Ndiyo maana nina ombi kwa vijana waliokaa mbele, mnaokwenda kuwa makarani na maofisa wa mialo. Msisumbuke sana kama sato ni Tilapia au Oreochromis. Fomu itawaambia, na mwaka ujao fomu itabadilika. Andikeni kwanza jina alilolitaja mvuvi kwa lugha yake, Kisukuma, Kikerewe, Kijaluo au iliyo yote. Na mkijibiwa kwamba furu ni furu, ulizeni tena kwa adabu, kwa kuwa yule aliyevuta wavu aghalabu anajua zaidi ya yule auzaye sokoni. Andikeni mwalo, tarehe, kina cha maji na wavu uliotumika. Na mkimwona samaki msiyepata kumwona, msimrudishe kapuni: mtieni mzima ndani ya chupa ya spiriti, na ndani yake kipande cha karatasi nene chenye maelezo hayo yote. Yaandikeni kwa penseli. Wino katika spiriti hufutika.